Nyama ya Bata Mzinga

Bata mzinga, ingawa huitwa bata, si wa jamaa ya bata. Mtazame miguuni. Bata wa kawaida ana utando kati ya vidole vyake, nao humsaidia kuogelea. Bata mzinga hana utando huo. Vidole vyake vimeachana kama vya kuku. Kwa hiyo wataalamu wa wanyama humweka katika jamii moja na kuku, kanga na kware. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Wenyeji wa Meksiko walianza kumfuga zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na Wahispania walimpeleka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16. Leo hufugwa katika nchi nyingi, na hapa Tanzania pia huenda umemwona uani kwa mfugaji, ametanua mkia na kuvimbisha manyoya yake.

Dume aliyekomaa huweza kufikia uzito wa kilo 10 au zaidi. Nyama hiyo ni nyingi kuliko ile ambayo familia huweza kula kwa mlo mmoja, tena bei yake si ndogo. Je, nyama inayobaki itahifadhiwaje isiharibike? Na ile iliyo ngumu itapikwaje hata ilainike? Katika somo hili tutayajibu maswali hayo mawili.

Nyama nyeupe na nyama nyekundu

Bata mzinga akichinjwa na kukatwa vipande, utaona kwamba nyama yake haina rangi moja. Nyama ya kidari ni nyeupe, ilhali ya mapaja ni nyekundu. Tofauti hiyo hutokana na kazi. Ndege huyu hutembea na kusimama kutwa nzima, lakini huruka kwa nadra. Na wale wazito wanaofugwa huruka kwa shida sana. Msuli unaofanya kazi kwa muda mrefu huhitaji oksijeni nyingi. Ndani yake mna kitu chenye rangi nyekundu kiitwacho mayoglobini, ambacho huishika oksijeni hiyo. Misuli ya kidari hutumika ndege anaporuka ghafla kwa muda mfupi tu, kwa hiyo mayoglobini yake ni kidogo.

Kazi hiyohiyo huifanya nyama ya paja kuwa ngumu. Nyuzi za msuli hufungwa pamoja kwa utando mweupe wenye nguvu. Utando huo, pamoja na kano, umejengwa kwa protini iitwayo kolajeni. Ukiutafuna kabla haujaiva vizuri, utadhani unatafuna mpira. Lakini ukipikwa polepole katika maji ya moto kwa muda mrefu, kolajeni hugeuka kuwa jelatini, kitu laini kinachoyeyuka katika mchuzi na kuufanya uwe mzito. Ndiyo maana mpishi hodari huchagua mapaja, shingo na mabawa kwa ajili ya mchuzi. Kidari kina kolajeni kidogo. Kikichemshwa mno, maji hutoka katika nyuzi zake, nacho huwa kikavu kama pamba.

Kununua

Ukinunua ndege aliye hai, tazama macho yake kama yanang'aa, pua kama ni kavu, na mabawa kama hayakulegea. Dume mwenye vikucha virefu nyuma ya miguu na magamba makavu yaliyokwaruza ni mzee; nyama yake itahitaji moto wa saa nyingi. Ndege mchanga hutambulika kwa kubonyeza ncha ya mfupa wa kidari, kwani hupindika. Usikubali kamwe kibudu, hata ukipewa bure, kwa maana huwezi kujua ni ugonjwa gani uliomwua.

Nyama iliyokwisha kukatwa haipaswi kuwa na utelezi wala harufu mbaya. Walakini pua haitoshi kukulinda. Bakteria wanaoozesha nyama hutoa harufu, lakini wapo wengine, kama vile salmonela, wanaoweza kuwamo katika nyama inayonukia vizuri kabisa. Hao huleta kuhara, homa na maumivu ya tumbo, na kwa watoto wadogo na wazee ugonjwa huo huweza kuwa mkali sana.

Kuhifadhi

Bakteria ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho matupu. Huongezeka kwa kujigawa. Katika mahali penye joto, unyevu na chakula, bakteria mmoja huweza kujigawa kuwa wawili kwa muda wa dakika 20 hivi. Baada ya saa moja watakuwa 8, baada ya saa mbili 64, na baada ya saa nne 4,096. Endelea kupiga hesabu hata saa ya saba, nawe utapata zaidi ya milioni mbili! Haya yote yametokana na bakteria mmoja tu, na nyama ikiachwa juu ya meza.

Baridi haiwaui bakteria wengi, bali huwapunguzia mwendo. Katika jokofu lenye nyuzi 4 za sentigredi au chini yake, nyama mbichi ya bata mzinga yafaa kukaa siku moja au mbili. Iwekwe katika chombo chenye mfuniko, sehemu ya chini kabisa, ili damu isidondokee vyakula vingine. Ikigandishwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, hudumu miezi kadhaa. Iyeyushe ndani ya jokofu, wala si juani, kwa sababu juani nje yake hupata joto ilhali katikati bado ni barafu.

Kama nyumbani hamna jokofu, chinjeni asubuhi na kupika siku hiyohiyo, au mgawane ndege na jirani. Wazee wetu waliikausha nyama kwa chumvi na moshi; chumvi hunyonya maji, na bakteria hawawezi kuongezeka pasipo maji.

Kupika mchuzi

Usioshe nyama mbichi kwa maji ya bomba yanayomwagika kwa nguvu. Matone yanayoruka hubeba bakteria hadi kwenye mboga na vyombo. Kinachowaua ni joto la kupikia: katikati ya nyama panapofikia nyuzi 74, salmonela hufa. Osha mikono, kisu na ubao kwa sabuni kabla ya kukata vitunguu.

Kaanga vipande vya paja katika mafuta kidogo hata vibadilike rangi. Tia vitunguu, nyanya, chumvi na maji, kisha funika sufuria na kupunguza moto. Maji yachemke polepole kwa muda wa saa moja na nusu hadi mbili na nusu. Moto mkali hauharakishi kazi, kwani maji yakisha kuchemka hayazidi joto lake. Kuni tu ndizo zinazoteketea. Dar es Salaam maji huchemka kwa nyuzi 100 hivi. Mbeya, mji ulio juu sana kutoka usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 94 tu, kwa hiyo mpishi wa huko hungoja zaidi. Kidari kitiwe mwishoni, dakika 30 kabla ya kuepua.

Mchuzi uliobaki usikae nje zaidi ya saa mbili. Wako bakteria wanaojifunika ganda gumu na kustahimili kuchemshwa. Mchuzi ukipoa polepole huamka na kuongezeka tena. Ugawe katika vyombo vidogo upoe upesi, uweke katika jokofu, na siku ya pili uchemshe vizuri kabla ya kula.

Jaribio

Chukua kipande cha kidari na kipande cha paja vyenye ukubwa sawa. Nyama ya kuku aliyekomaa itafaa pia. Mwalimu au mzazi akiwa karibu, vitie katika sufuria moja yenye maji yanayochemka polepole. Kila baada ya dakika 20, vichome kwa uma na uandike ni kipi kilicho laini zaidi. Endelea kwa saa moja na nusu.

Maswali

1. Kwa nini nyama ya paja ni nyekundu kuliko ya kidari?
2. Bakteria 5 wameangukia nyama saa 4 asubuhi. Kama kila mmoja hujigawa kila baada ya dakika 20, watakuwa wangapi ifikapo saa 7 mchana?
3. Katika jaribio lako, ni kipande kipi kilichobadilika zaidi kati ya dakika ya 40 na mwisho? Eleza sababu.