Macho mekundu si ya kutiwa maziwa

Januari 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa macho mekundu, Dar es Salaam ikiwemo. Virusi hivi havibagui mtaa. Hapa Kitendaguro mtoto mmoja wa madrasa akiugua, nyumba nzima huambukizwa kwa taulo, mto, beseni la kutawadhia, hata kijiti cha wanja.

Mara nyingi hupona wenyewe ndani ya wiki mbili. Nawa mikono kwa sabuni, safisha tongotongo kwa maji safi. Maziwa ya mama, mkojo, dawa iliyobaki kwa jirani: hapana!

Jicho likiuma sana, likichukia mwanga au likififia, nenda hospitali ya mkoa, Bukoba, siku hiyohiyo. Huenda ni kidonda kwenye kioo cha jicho, nacho hupofusha. Kichanga mwenye usaha machoni asingojeshwe hata saa moja.