Marekani: «Sikupata», neno linalookoa safari ya mwengine

Tarehe 3 mwezi wa tano mwaka 2000, siku moja baada ya Marekani kuacha kuvuruga alama za GPS kwa raia, Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, jimboni Oregon, akatangaza namba za mahali ilipo. Mchezo wa kutafuta vificho ukaanzia hapo. Leo anayeifuata ndoo hiyo atakuta kibao cha ukumbusho.

Vificho vingine vinapotea bila kibao. Wapo watafutaji wanaoona haya kuandika «sikupata», na hapo ndipo shida: mwenye kificho atajuaje kama boksi limeibwa ama limebebwa na maji? Ripoti hizo zikifuatana, anapaswa kwenda kukagua. Asipoenda, kificho huondolewa kwenye orodha.