Kibarua wa miaka mingi ana haki gani kisheria?

WAAJIRI wengi nchini huendelea kuwaita wafanyakazi wao vibarua hata baada ya kutumikiwa nao kwa miaka mingi. Hata hivyo, sheria haitazami jina analopewa mfanyakazi, bali muda aliotumika na aina ya kazi anayofanya.

Sheria ya Ajira ya 2007, iliyoanza kutekelezwa Juni 2008, inamtambua kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja.

Kwa mujibu wa kifungu cha 37, kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake ni mwezi mmoja au zaidi, mkataba wake hugeuka kuwa wa kulipwa kila mwezi. Hali ni hiyo hiyo iwapo kazi aliyopewa haiwezi kutarajiwa kukamilika kabla ya miezi mitatu. Siku moja ya mapumziko baada ya kila siku sita za kazi, pamoja na sikukuu za umma, huhesabiwa katika muda huo.

Akifikisha miezi miwili mfululizo tangu aajiriwe, hustahiki haki zote ambazo angepata kama hangeanza kama kibarua. Miongoni mwazo ni likizo ya malipo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa wanawake, na notisi ya maandishi ya siku 28 kabla ya kuachishwa kazi. Aidha, mwajiri sharti awe na sababu halali ya kumwachisha.

Hii haimaanishi kwamba amepata kazi ya kudumu hadi kustaafu. Anachopata ni ulinzi dhidi ya kufukuzwa kiholela.

Si kila mfanyakazi wa muda anayelindwa na kifungu hiki. Mnamo 2017, katika kesi ya kampuni ya Krystalline Salt na wafanyakazi 68, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba wanaolipwa kwa kiasi cha kazi waliyofanya si vibarua, hivyo mikataba yao haigeuki chini ya kifungu cha 37. Nao walio na mikataba ya muda maalum kwa kawaida hawawezi kulazimisha iongezwe inapokamilika.

Kesi nyingi hushindwa kwa kukosa ushahidi kwamba kazi ilikuwa ya mfululizo. Kwa hivyo, ni busara kwa kibarua kuhifadhi hati za malipo, rekodi za pesa zilizotumwa kwa simu na kadi za kazi.

Anayedhulumiwa anaweza kulalamika katika afisi ya leba au kushtaki katika Mahakama ya Ajira na Leba. Asikawie, kwani kwa kawaida sheria humruhusu miaka mitatu pekee tangu haki yake ilipokiukwa.