Viwanda Viwili na Hazina Moja

Vijana wangu, kuna kiwanda katika mji wa Fremont, jimbo la California, kilichokufa mara mbili na kufufuka mara mbili. Kampuni ya General Motors ilikifungua mwaka 1962 na kukifunga mwaka 1982. Mwaka 1984 ikarudi pamoja na Toyota, wakakipa jina jipya la NUMMI, na kwa robo karne kikawa kinatoa Corolla na pikapu. Kisha msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008 ukaikumba Marekani. General Motors ikafilisika na kujitoa, Toyota nayo haikutaka kubaki peke yake, na tarehe 1 Aprili 2010 gari la mwisho likatoka. Watu wapatao 4,700 wakakosa kazi.

Upande wa pili wa nchi hiyo, mjini Wilmington katika jimbo dogo la Delaware, kiwanda kingine cha General Motors, kilichoanza kazi mwaka 1947, kilikuwa kimekwisha kufungwa tangu Julai 2009.

Viwanda hivi vyote viwili vilipata wanunuzi mwaka 2010. Cha Fremont kilichukuliwa na kampuni changa iitwayo Tesla, kwa dola milioni 42. Cha Wilmington kikaenda kwa kampuni changa nyingine, Fisker, kwa dola milioni 20. Zote mbili zilitaka kuunda magari ya umeme, zote hazikuwa na fedha za kutosha, na zote zilikuwa zimekwisha kupiga hodi mlango mmoja: Wizara ya Nishati ya Marekani. Moja ikatajirika, nyingine ikafa. Nataka mjue kilichotokea katikati, kwa sababu fedha zilizokuwa zikichezewa pale zilikuwa za wananchi.

Lakini kwanza, kwa nini serikali? Si kuna benki?

Gari la petroli na gari la umeme hufanana ukiyaona yakipita njiani. Ingieni kiwandani ndipo mtaona tofauti. La umeme halina injini ya mafuta, halina tangi, halina ekzosi. Badala yake kuna betri kubwa iliyolazwa chini ya sakafu ya gari, yenye uzito wa kilo mia kadhaa. Basi mashine zilizokuwa zikichonga vyuma vya injini hazina kazi tena. Roboti zipangwe upya, mitambo mipya inunuliwe, mafundi wafunzwe kushughulika na umeme wenye volti mia kadhaa bila kuhatarisha maisha yao. Na muda wote huo kiwanda hakitoi hata gari moja la kuuza. Mwenye kiwanda anayefanya hivyo ni kama mkulima wa Pemba aliyeng'oa minazi ya urithi ili apande mikarafuu: kwa miaka kadhaa hana nazi wala hana karafuu, na nyumbani watu wanataka kula.

Benki haipendi mteja wa namna hiyo, na mwaka 2009 benki za Marekani zilikuwa zinaogopa hata wateja wa kawaida. Tena biashara yenyewe ilikuwa imekwama. Mnunuzi alikuwa akisubiri vituo vya kuchajia viwe vingi. Mjenzi wa vituo akawa anasubiri magari yawe mengi, na mwenye kiwanda akawasubiri wote wawili. Serikali ina sababu za kuingia hapo ambazo benki haina: ajira za watu, moshi wa mijini, na mafuta yanayonunuliwa ng'ambo.

Mwaka 2007 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya nishati iliyofungua dirisha la mikopo ya dola bilioni 25 kwa watengenezaji wa magari yanayotumia mafuta kidogo au yasiyotumia kabisa. Sheria ikaagiza kwamba viwanda vya zamani, vyenye umri wa miaka 20 au zaidi, vitangulizwe, hata vile vilivyolala bila kazi. Naipenda sana aya hiyo. Inamkumbuka fundi mwenye umri wa miaka 50, mwenye nyumba na watoto shuleni, asiyeweza kuuhama mji wake kufuata kiwanda kipya.

Juni 2009 wakopaji wa kwanza wakatangazwa. Ford dola bilioni 5.9, Nissan bilioni 1.6, na Tesla milioni 465. Ford na Nissan ni makampuni makubwa, wakatumia fedha zao kukarabati viwanda, wakalipa taratibu kwa miaka, na hadithi yao haina kishindo. Miezi mitatu baada yao Fisker nayo ikatangaziwa mkopo wa dola milioni 529.

Tesla ikatumia sehemu kubwa ya fedha zake kuandaa gari moja, Model S, na kukitengeneza upya kiwanda cha Fremont. Juni 2012 wateja wa kwanza wakakabidhiwa magari yao. Mei 2013 kampuni ikauza hisa na hati za mkopo sokoni, ikapata karibu dola bilioni moja, na tarehe 22 mwezi huo ikalipa deni lote lililobaki, miaka tisa kabla ya muda wake.

Sasa twende Wilmington. Mwenye kampuni, Henrik Fisker, ni Mdenmaki aliyesifika kwa kubuni maumbo ya magari ya kifahari. Oktoba 2009 Makamu wa Rais Joe Biden, mwenyeji wa Delaware, alifika mwenyewe kiwandani kutangaza kwamba kitafunguliwa tena. Jimbo nalo likaahidi zaidi ya dola milioni 20. Fikirieni matumaini ya mafundi waliokuwa wamefukuzwa miezi michache kabla.

Gari la kwanza la Fisker liliitwa Karma, zuri la kutazama, lenye mota za umeme na injini ya petroli ya kusaidia, kwa bei ya dola 100,000 hivi. Lakini halikuundwa Delaware. Liliunganishwa Finland, na kampuni ya Valmet. Wilmington iliwekewa gari la pili, la bei nafuu zaidi, ambalo lingekuja baadaye.

Baadaye hiyo haikufika, na hapa ndipo nataka mtege sikio. Mkopo wa Fisker haukutolewa kwa mkupuo. Mkataba uliugawa kwa awamu, na kila awamu ilikuwa na sharti lake: fikeni hatua hii kwa tarehe hii, ndipo mpate fungu linalofuata. Karma ikachelewa. Juni 2011 Wizara ikafunga mfereji. Kampuni ilikuwa imekwisha kuchota dola milioni 192. Zaidi ya milioni 330 zilizobaki hazikutoka Hazina kamwe.

Mabaya yakafuatana. Oktoba 2012 kampuni ya A123, iliyokuwa ikiwatengenezea betri, ikafilisika. Mwisho wa mwezi huohuo kimbunga Sandy kikaingiza maji ya bahari katika bandari ya Newark na kuharibu zaidi ya Karma 300 zilizokuwa zimeegeshwa pale. Mwaka 2013 Fisker ikaanguka. Serikali ikauza deni lake kwa mnada kwa dola milioni 25, na ukijumlisha kilichokuwa kimekwisha kurudishwa, walipakodi walipoteza milioni 139. Kiwanda cha Wilmington hakikutoa gari hata moja la umeme. Kilibomolewa, na leo mahali pake pana ghala kubwa la Amazon.

Wako waliosema tangu mwanzo kwamba mpango mzima ni upotevu. Katika mdahalo wa kugombea urais wa Oktoba 2012, Mitt Romney aliziweka Fisker na Tesla katika kapu moja la makampuni yaliyoshindwa. Haukupita mwaka, moja ya hizo mbili ikawa imemaliza deni. Mimi siwalaumu waliotia shaka. Anayekopesha wale waliokataliwa na benki lazima apoteze baadhi ya mikopo. Kinachonisumbua ni jambo jingine, nalo linapatikana kwa Tesla iliyofanikiwa.

Mkataba wa Tesla uliipa serikali haki ya kununua hisa zipatazo milioni 3 kwa bei iliyokubaliwa, chini ya dola 10 kila hisa. Lakini haki hiyo ingefutika endapo kampuni ingelipa deni mapema. Ikalipa mapema. Siku hizo hisa moja ilikuwa inauzwa karibu dola 90. Chukueni kalamu mpige hesabu: faida ya dola 80 hivi, mara milioni 3. Ni fedha ambazo zingeifunika hasara yote ya Fisker na kubaki. Wanaoutetea mkataba ule wanasema sharti liliwekwa ili kampuni iwe na hamu ya kulipa haraka, na kweli ililipa haraka. Hata hivyo naona mwananchi alipunjwa. Alibeba hasara ya aliyeshindwa, na aliposhinda mwingine akarudishiwa mtaji na riba ndogo. Kama mnaingia hatarini pamoja, mgawane na mavuno.

Mkopo ni njia mojawapo tu. Ipo ruzuku, ambayo hairudishwi. A123 yenyewe ilikuwa imeahidiwa ruzuku ya hadi dola milioni 249 kujenga viwanda vya betri Michigan. Ilipofilisika ikanunuliwa na Wanxiang, kampuni ya China. Na iko njia ya tatu, nafuu ya kodi, ambayo serikali zisizo na hazina nono huipenda kwa sababu haidai mtu atoe fedha taslimu. Nchi zetu zimeichagua hiyo. Kenya mwaka 2019 ilishusha ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10. Rwanda mwaka 2021 iliondoa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT kwa magari ya umeme, vipuri vyake, betri na vifaa vya kuchajia, na kuvipa vituo vya kuchajia bei ya umeme inayotozwa viwanda. Nafuu ya kodi nayo ni fedha za umma, ila hupita kimyakimya. Shilingi isiyokusanywa haina sherehe ya kukabidhiwa hundi, kwa hiyo ni rahisi kusahau kuuliza imenunua nini.

Nawapa kisa kimoja zaidi, cha karibu zaidi na siku zetu. Belvidere, katika jimbo la Illinois, kuna kiwanda kilichofunguliwa na Chrysler mwaka 1965. Desemba 2022 mmiliki wake wa sasa, Stellantis, alitangaza kwamba atakisimamisha, na miongoni mwa sababu akataja gharama kubwa za kuhamia umeme. Mwishoni mwa Februari 2023 kikanyamaza. Zaidi ya watu 1,200 wakaachishwa kazi, wengine wakahamia viwanda vya majimbo mengine na kuacha familia nyuma.

Wakati huo kulikuwa na sheria mpya, ya Agosti 2022, iliyotenga dola bilioni 2 za ruzuku kwa kazi hii hasa: kugeuza viwanda vya magari viunde magari ya umeme au yanayochanganya umeme na petroli. Safari hii kampuni ilitakiwa ichangie angalau nusu ya gharama kutoka mfukoni mwake. Julai 2024 Wizara ya Nishati ikataja viwanda 11 katika majimbo 8 vilivyochaguliwa. Belvidere ilitengewa dola milioni 334.8.

Kuchaguliwa, vijana, si kupokea. Baada ya tangazo kuna mazungumzo, mkataba, kisha malipo ya awamu kwa awamu, na katikati ya hayo kuna uchaguzi mkuu. Januari 2025 Donald Trump akaapishwa, mtu asiyeupenda mpango ule. Julai 2025 akatia saini sheria iliyokomesha nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500 aliyokuwa akipewa mnunuzi wa gari la umeme, na tarehe 30 Septemba 2025 ikawa mwisho wake. Ukimsaidia mwenye kiwanda kubadili mitambo, kisha ukamwondolea mnunuzi sababu ya kununua, umeacha kazi njiani. Kiwanda hupangwa kwa miaka kumi au zaidi. Serikali zinazobadili nia kila baada ya miaka minne humfundisha mwenye kampuni kutoiamini ahadi yoyote, hata ile nzuri.

Hata hivyo Belvidere haikusahauliwa. Oktoba 2025 Stellantis ilitangaza kwamba itatumia zaidi ya dola milioni 600 kukifungua tena, kiunde Jeep Cherokee na Jeep Compass kuanzia mwaka 2027.

Ahadi ya kukifungua haikuanzia kwenye ruzuku. Katika vuli ya mwaka 2023 chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kiligoma kwa wiki sita dhidi ya makampuni makubwa matatu ya Detroit, na moja ya madai yake lilikuwa Belvidere. Stellantis ikakubali kwa maandishi kwamba kiwanda kitarudi. Rais alibadilika, sheria za kodi zikabadilika, lakini mkataba ule wa wafanyakazi haukubadilika. Muda wake unaisha tarehe 30 Aprili 2028.