Akiuma Mbwa, Aulizwe Mwenyewe

Orodha ya mbwa waliopigwa marufuku Uingereza ni fupi. Sheria ya mwaka 1991 ilitaja aina nne: pit bull terrier, tosa wa Japani, dogo argentino na fila brasileiro. Baada ya watu kadhaa kuraruliwa, na wengine kufa, ikaongezwa XL bully. Tangu Februari 1, 2024 kumfuga mbwa huyo Uingereza na Wales bila kibali maalumu ni kosa la jinai. Orodha hiyo ikiletwa mkoani Tanga, afisa mifugo anaweza kuzunguka kutoka Mkata hadi Mombo asipate hata mmoja wa kumkamata.

Mbwa wa Handeni na Korogwe ni wa kienyeji, na ana kazi. Mashambani hufukuza nguruwe pori, nyani na tumbili wasimalize mahindi. Wafugaji, wakiwemo waliohamia Msomera kutoka Ngorongoro kuanzia 2022, humtegemea kulinda mifugo. Mjini hulinda nyumba na maduka usiku. Kukipambazuka hufunguliwa akajitafutie chakula majalalani, na hapo ndipo hukutana na watoto waendao shule.

Meno ya mbwa huyo si makubwa kama ya pit bull. Hatari yake kubwa imo kwenye mate, akiwa na kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani, na utafiti uliochapishwa 2002 ulikadiria kuwa Tanzania pekee hupoteza watu wapatao 1,500 kila mwaka. Kati ya kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15.

Wanaotaka aina fulani zipigwe marufuku wana hoja nzito. Mbwa mkubwa mwenye taya zenye nguvu akikosea mara moja, mtoto hufa, na sheria inayosubiri aume kwanza imechelewa. Afrika Kusini mwaka 2022, vifo vya watoto vilivyofuatana viliwafanya maelfu ya watu kusaini ombi la kupiga marufuku pit bull, na baadhi ya wenye mbwa hao wakawasalimisha wenyewe.

Lakini Uholanzi ilijaribu njia hiyo mwaka 1993, ikaiacha 2008 baada ya kuona watu bado wanaumwa vilevile. Mwaka 2022, jarida la Science lilichapisha utafiti uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000. Aina ya mbwa ilieleza takribani asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Malezi, mafunzo, njaa na minyororo havisomeki kwenye jina la aina.

Sheria za Tanzania tayari zinamtazama mwenye mbwa. Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani mtu anayepuuza kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inahusu udhibiti wa maradhi, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza ukatili. Ugumu huanza pale mtu anapoumwa, kwani mbwa aliyekuwa wa fulani jana ghafla anakuwa hana mwenyewe.

Ndiyo maana wengi huwaita wote mbwa koko na kutaka wapigwe risasi. Tafiti zilizofanywa Tanzania zinaonyesha kuwa mbwa wengi wa vijijini wana kaya zao na wanaweza kufikiwa na chanjo. Kuua kiholela hakujasaidia. Kisiwani Flores, Indonesia, mbwa wengi mno waliuawa baada ya kichaa kuingia mwaka 1997, na ugonjwa ukabaki. Pemba ilichanja mbwa, ikautokomeza mwaka 2014. Uliporudi 2016, kampeni za chanjo zilirejeshwa, na kufikia 2018 ukawa umeondoka tena. Kipimo kinachojulikana ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa.

Katika kaya nyingi za Kiislamu za Uziguani na Usambaani, mbwa wa shamba hukaa nje na hashikwi ovyo kwa sababu ya najisi ya mate. Kwa hiyo siku ya chanjo mara nyingi ni watoto wanaomleta kwa kamba. Mzazi anaweza kutimiza wajibu wake bila kumgusa: amjengee banda, amlishe, ahakikishe amechanjwa na kutunza kadi yake.

Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Sindano anazohitaji ni ghali kuliko dozi ya mbwa, na mara nyingi gharama huangukia familia ya aliyeumwa. Halmashauri za Handeni na Korogwe zingeweza kubadili hilo kwa sheria ndogo: kila mbwa aandikwe kwenye daftari la kitongoji kwa jina la mwenyewe, achanjwe kila mwaka, na akiuma, mwenyewe alipie matibabu mpaka sindano ya mwisho.