Maji ya Kitengela Hayangoji Nyuzi 100

Muulize mwanafunzi wa sekondari mjini Kitengela maji huchemka kwa nyuzijoto ngapi, atakujibu bila kusita: 100. Sasa teleka sufuria, subiri maji yatokote, kisha tumbukiza kipimajoto bila kugusa kitako. Kitapanda hadi karibu 95 na kukwama hapo. Ongeza moto upendavyo, hakisogei.

Mwalimu wa tuisheni anayeijua kazi yake haanzi kwa kueleza. Kabla ya kuwasha jiko, humtaka mwanafunzi aandike daftarini anachotarajia kuona, na kwa nini. Aliyekwisha kuandika jibu lake hukitazama kipimajoto kwa hamu ya shabiki anayesubiri penalti. Kikimkatalia, atauliza: kimeharibika? Ni swali zuri, tena lina dawa: leta cha pili. Nacho kikisoma 95, shaka inakihama chombo na kuliendea lile alilokariri.

Hapo ndipo maelezo hupata pa kutua. Kitengela iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yetu ni pungufu kuliko ya Mombasa, inayakandamiza maji kwa nguvu ndogo, na maji huwahi kuchemka. Kila unapopanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi moja. Mpe mwanafunzi kanuni hiyo, umwulize maji safi yatachemka kwa ngapi kando ya Ziwa Magadi, kama mita 600 tu, kaunti hii hii ya Kajiado. Akikokotoa 98, ameelewa. Akiongeza kwamba basi maharagwe huiva upesi zaidi kule, ameelewa kuliko ulivyomfundisha.

Ziwa hilo linastahili muda zaidi ya linaopewa. Wanafunzi wa kemia humeza hatua za kutengeneza soda yake kama orodha: trona, yaani magadi ghafi, huchimbwa, husagwa, huchomwa, hutoa mvuke na kaboni dioksidi, inabaki soda ya kutengenezea vioo. Mimi ningeanza na bonge la magadi la sokoni, lile la kulainishia maharagwe. Lidondoshee ndimu, litoe povu. Kisha uliza: tukilichoma kwanza gesi ikatoka, je, ndimu italitoa povu tena? Wengi husema hapana, gesi imekwisha. Jaribu. Povu linatoka! Kati ya chumvi mbili zilizomo, moto umeivunja bikaboneti peke yake. Kaboneti imebaki na kaboni yake, ikisubiri asidi. Tofauti hiyo ya chumvi mbili, ambayo kurasa nyingi za noti hushindwa kuikaza kichwani, sasa mwanafunzi ameiona kwa macho.

Kuona tu hakutoshi, kwa sababu kichwa husahau. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, nchini Marekani, walichapisha jaribio kuhusu wanafunzi waliosoma vifungu vya maandishi. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki, waliojipima bila kitabu waliwapita. Ndiyo maana sishangai mtoto aliyerudia kusoma tu akitoka tuisheni akijiamini, kisha akwame kwenye mtihani.

Kwa hiyo kipindi kinachofuata kianze kwa karatasi tupu: mwanafunzi achore safari ya trona kutoka ziwani hadi tanuruni, vitabu vikiwa vimefungwa. Palipo na pengo ndipo mwalimu aanzie siku hiyo.