Chachu ya Kutosha Pipa Zima

Silibwet, Kaunti ya Bomet, baridi ya jioni hushuka mapema kwenye majani ya chai. Mama mmoja anayepika busaa, pombe ya mahindi na wimbi, ambaye majirani humwita Kogo, alikuwa na pipa la lita 200 la kuandalia sherehe ya mahari. Jina lake nalihifadhi: sheria ya vileo ya 2010 inadai leseni, naye hana.

Unga wa mahindi ulikwisha kuchachuka na kukaangwa juu ya bati, kimea cha wimbi kimesagwa. Lakini pipa hakuligusa.

Alichukua machicha ya busaa iliyopita, yenye chachu, akayatia kwenye sufuria yenye uji mwepesi wa kimea, vuguvugu. Aliupima kwa ndani ya kifundo cha mkono. Akafunika kwa kitambaa, akaisogeza kando ya meko. Kesho yake povu la rangi ya udongo lilikuwa limeinua kitambaa, na harufu ya ndizi mbivu imejaa jikoni. Hapo ndipo alipoumimina uji huo kwenye ndoo ya lita 20, akaongeza uji, akasubiri tena. Pipa lilifuata siku ya tatu.

“Ukimwaga kidogo ndani ya pipa kubwa, kinalala,” Kogo aliniambia. “Na kikilala, ukali wa siki unaingia. Lisha kwanza.”

Nakubaliana naye. Moto wa bati huua chachu iliyokuwa ndani ya unga. Inayobaki ni ile ya kimea na machicha, na kwenye baridi huongezeka polepole. Ikiwa kidogo, bakteria wanaotia ukali huitangulia. Wapika lager wanaijua shida hiyo: bia yao huchachuka kwenye nyuzi 8 hadi 13 hivi, kwa hiyo hutiwa chachu karibu mara mbili ya bia zinazochachushwa kwenye joto. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, kwenye maabara ya Carlsberg, Copenhagen, alianza na seli moja, akaikuza hadi ikatosha kiwanda. Sufuria, ndoo, pipa: njia ni hiyohiyo.

Binti wa Kogo hununua hamira dukani. Pipa huiva upesi. Kogo anasema busaa hiyo ina ladha ya mkate. Machicha yake alipewa na mama mkwe, na tangu hapo ameyaendeleza, ingawa wimbi sasa hununua sokoni kwa kuwa shamba lote ni chai. Ni chachu gani hiyo, na imezoeaje baridi ya huku? Binti akishikilia hamira, nani ataitunza?